Injini ya boti barabarani: uzito ukae kwenye tela, usikae kwenye tezi

Wiki hii tunaweka nyanya na mpunga pembeni kidogo tuzungumze usafirishaji wa mashine. Sababu ni kikundi kimoja cha vijana wa ukanda wetu huu wa Mombo mpaka Mkomazi. Wanalima vitunguu, wamepata mkopo, na sasa wanaongeza mradi wa pili: kukusanya samaki wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, hasa perege, na kuwashusha kwenye masoko ya huku. Wamepata boti ya faiba iliyotumika kule Tanga pamoja na injini yake ya nguvu 40. Bei wameelewana. Tela la kukodi lipo, pikapu ipo. Wakaja na swali moja tu: hii kitu tunaivutaje mpaka bwawani ifike nzima?

Nimelipenda swali, kwa sababu wengi huuliza baada ya kuvunja. Mwenye boti aliwaambia, "Nyanyueni injini, tegeni kishikizo chake, ondokeni." Ushauri huo utausikia kila mahali, na ni rahisi kuufuata. Kwa safari ya kutoka ufukweni mpaka nyumbani kwa mtu, mita mia tatu hivi, sina ugomvi nao. Kwa safari ya Tanga mpaka Mwanga nina ugomvi nao mkubwa.

Hebu tazameni njia yenyewe. Tanga, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Mazinde, hapa kwetu Mkumbara, Buiko, Hedaru, Makanya, Same, Mwanga, halafu ndipo uanze kuteremka bwawani. Ni zaidi ya kilomita 250. Lami ni nzuri, lakini kila penye makazi pana matuta, na yale madogo madogo yanayofuatana yanatikisa kuliko tuta moja kubwa. Ukifika njia za kuingia mialoni unakutana na vumbi na mashimo. Tela la boti halina springi laini kama za gari la abiria, na boti tupu ni nyepesi, kwa hiyo linaruka. Na kinachoruka zaidi ni kile kilicho nyuma kabisa, ambacho ndicho injini.

Kuhusu hela, niseme kidogo tu. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri hauna riba, lakini marejesho yana tarehe. Tezi ikipasuka Hedaru, boti haitaingia majini mwezi huo, samaki hawatakusanywa, na tarehe ya rejesho itafika palepale ilipoandikwa. Wanachama wa kikundi wataanza kutazamana vibaya. Vikundi havivunjwi na umaskini peke yake, vinavunjwa pia na jambo moja la kizembe la siku ya kwanza.

Injini inakaaje kwenye boti

Ili uelewe kinachovunjika, lazima ujue injini imeshikwa wapi. Ule ubao wa nyuma ya boti, pale kwenye tezi, ndio unaobeba kila kitu. Injini imeuma ubao huo kwa kibano chenye skrubu mbili kubwa, na injini kubwa huongezewa bolti zinazopita kabisa upande wa pili. Juu ya kibano kuna kichwa, yaani mashine yenyewe chini ya kofia. Chini yake unashuka mguu mrefu, na mwisho wa mguu kuna boksi la gia, propela, na lile pezi dogo la chini kabisa.

Injini ya nguvu 15 ambayo wavuvi wengi wanaitumia ina karibu kilo 40. Ya nguvu 40 ya aina hiyohiyo, ile isiyo na mambo mengi, inapita kilo 70. Ukiwa majini huo uzito si tatizo. Ubao wa tezi umejengwa kwa ajili ya kusukumwa: propela inasukuma maji nyuma, mguu unaegemea mbele kwenye kibano, ubao unapokea msukumo na boti inakwenda. Msukumo huo ni wa upande mmoja na umetulia. Barabarani nguvu inageuka kuwa ya kugonga, juu chini, juu chini, maelfu ya mara kwa safari moja.

Sasa, injini ikiwa imesimama wima kama inavyokaa majini, mguu wake umeegemea kwenye chuma cha kibano. Hapo imetulia. Ukiinyanyua, mguu unatoka nyuma na kubaki hewani kama mkono ulionyooshwa. Kinachoushika ni kitu kidogo: kwa injini za kunyanyua kwa mkono ni kile kishikizo cha chuma, na kwa injini za kunyanyua kwa umeme ni mafuta yaliyo ndani ya silinda zake. Mguu ukirushwa na tuta, nguvu yote inarudi kwenye bawaba, inaingia kwenye kibano, na kibano kinaupindua ubao.

Jaribu hili nyumbani. Chukua ndoo ya lita 20 yenye maji, ikumbatie kifuani. Utatembea nayo mpaka kisimani na kurudi. Kisha nyoosha mkono, ishike ndoo hiyohiyo mbali na mwili, halafu mwenzako akugonge bega kidogo. Ndoo ni ileile, kilo 20 zilezile, lakini bega litakwambia habari nyingine. Kwenye tuta, kilo 75 zinaweza kugonga kwa nukta moja kama kilo 150 na zaidi. Na bega la boti ni ubao wa tezi.

Sisi wa Mkumbara uzito wa kuning'inia tunaufahamu kwa historia. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walijenga hapa njia ya kamba za chuma ya kuteremsha magogo ya mwangati kutoka Shume kuyaleta relini. Gogo linaning'inia kwenye waya, lakini uzito unaishia kwenye nguzo zilizosimikwa ardhini. Ndiyo hesabu tunayoitafuta hapa: mguu wa injini unaning'inia, kwa hiyo mtafutieni nguzo, na nguzo hiyo isimame juu ya tela.

Kile kishikizo si cha barabarani

Niliseme hili peke yake kwa sababu ndipo watu wanapodanganyika. Kishikizo kinachozuia injini isishuke kimewekwa kwa ajili ya boti iliyoegeshwa: umefika mwaloni, maji ni machache, unanyanyua injini propela isichimbe tope. Kwa injini za Yamaha, ambazo ndizo nyingi kwenye maziwa yetu, kitabu cha mwongozo kinakataza wazi kukitumia wakati boti inavutwa kwenye tela. Injini inaweza kujitikisa, ikatoka kwenye kishikizo na kudondoka kwa nguvu. Mwongozo huohuo unasema injini isafirishwe ikiwa kwenye mkao wake wa kawaida wa kufanyia kazi, na kama propela itakuwa karibu mno na barabara, basi inyanyuliwe lakini iwekewe egemeo la kuibeba.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Kwanza angalia kama inaweza kusimama wima. Weka boti kwenye tela, shusha injini yote, kisha pima kutoka pezi la chini mpaka ardhini. Kwa barabara zetu mimi sitakubali chini ya sentimita 40, na hata hapo nitataka kuangalia tela likipanda tuta, kwa sababu injini iko nyuma sana ya magurudumu. Gurudumu likiingia kwenye shimo au likiteremka kutoka kwenye tuta, mkia unashuka zaidi ya unavyofikiri. Matela mengi ya boti ni ya chini ili boti iteremke majini kirahisi, kwa hiyo mara nyingi utakuta nafasi haitoshi.

Kama haitoshi una njia mbili: kuivua injini, au kuinyanyua na kuiwekea egemeo.

Kama unaweza kuivua, ivue

Huu ndio ushauri wangu kwa vijana wale, ingawa mmoja wao alinuna kidogo. Injini ya nguvu 15 sioni hata sababu ya kujadili. Watu wawili wanalegeza skrubu za kibano, wanatoa mpira wa mafuta, wanainyanyua, wamemaliza. Ya nguvu 40 yenye mkono wa kuongozea inataka watu watatu au wanne wenye nguvu na uangalifu, lakini nayo inavuliwa. Kwa safari ya kilomita zaidi ya 250, nusu saa ya kufungua bolti ni kitu gani? Injini kubwa zaidi, zenye usukani wa mbele, nyaya na vebo nyingi, hizo ziacheni mahali pake na tumieni egemeo.

Ukiivua, usiilaze hovyo. Kwanza isimamishe wima muda wa kutosha maji yaliyobaki kwenye njia za kupoozea yachuruzike yote. Maji hayo yakibaki, kisha ukaiweka mguu ukiwa juu kuliko kichwa, yanarudi kwenye njia ya moshi na kuingia kwenye silinda. Utakuwa umeiua injini bila kuiwasha. Kichwa kiwe juu kuliko propela muda wote, hata pale mnapoibeba kutoka kwenye boti kwenda kwenye pikapu.

Mkao bora ndani ya pikapu ni wima. Tengeneza stendi ya mbao: mbao mbili za inchi mbili zilizosimama, ubao mnene juu ambao kibano kitauma kama kinavyouma tezi, na miguu mipana iliyofungwa kwenye bodi. Uzuri wa stendi hii ni kwamba mkifika mwaloni ndiyo itakuwa stendi yenu ya kufanyia matengenezo. Kama hakuna stendi na lazima uilaze, soma kwenye kitabu cha injini hiyo ilale upande gani. Kwa injini za mipigo minne hili si hiari, kwa sababu zina mafuta ya injini ndani, na zikilazwa upande usio wake mafuta yanapanda mahali pasipotakiwa. Chini yake weka godoro bovu au magunia, zisigusane chuma kwa chuma.

Usifunge kamba kwenye kofia ya injini wala kwenye propela, na msiinyanyue kwa kushika kofia. Kofia ni kifuniko tu. Ikifunguka mkononi mwa mtu huku kilo 70 ziko hewani, miguu ya watu iko chini pale.

Kama injini inabaki, tengeneza egemeo

Egemeo ni fimbo ya chuma. Upande mmoja una kichwa cha umbo la V kinachopokea mguu wa injini karibu na boksi la gia. Upande wa pili unakaa kwenye boriti ya nyuma ya tela. Nchi za wenzetu wanauza zilizotengenezwa tayari, lakini fundi yeyote mzuri wa kuchomelea wa Mombo au Korogwe atakutengenezea kwa siku moja, na nikilinganisha na bei ya propela peke yake naona ni hela ndogo.

Mpeleke fundi kwenye tela, au tela kwa fundi, boti ikiwa juu. Usimpelekee vipimo vya kukadiria kwa simu. Mwambie hivi: bomba la mraba la milimita 40, na lingine dogo linaloingia ndani yake, yote yatobolewe ili urefu urekebishwe kwa pini. V iwe pana ya kutosha mguu ukae bila kubanwa, na ivikwe mpira wa tairi kuukuu mnene, maana chuma kwa chuma kitakwangua rangi na chumvi ya Tanga itamaliza kazi iliyobaki. Chini kuwe na kikombe cha umbo la U kinachokaa juu ya boriti na kufungwa kwa pini isiyochomoka. Nimesisitiza pini kwa sababu fimbo iliyoegeshwa tu itadondoka kwenye tuta la kwanza, na hamtajua mpaka mfike.

Egemeo lisimame kwenye chesisi ya tela, yaani fremu inayobeba boti. Lisisimame kwenye ekseli. Ekseli inapanda na kushuka na gurudumu wakati boti inakwenda na fremu. Ukiegemeza injini kwenye ekseli, kila shimo litakuwa linaipiga injini nyundo kutoka chini.

Injini ikishakalishwa kwenye V, ivute chini kwa mkanda wa racheti unaopita juu ya mguu na kufungwa kwenye tela, ili isiruke kutoka kwenye kiti chake. Injini za umeme unazishusha taratibu mpaka mguu ukae vizuri kwenye V, kisha unafunga mkanda. Injini za mkono hazina cha kuzishikilia chini isipokuwa mkanda, kwa hiyo uwe mzima. Kamba ya manila inalegea njiani. Halafu zuia injini isigeuke kushoto na kulia: kaza skrubu ya kuongozea, na ufunge mkono wake ubaki katikati.

Hapa kuna ubishi ambao mtausikia kwa mafundi. Wapo wanaosema egemeo halina maana na wakati mwingine linaumiza boti. Nimewasikiliza, na wana hoja. Kama boti haijafungwa barabara kwenye tela, inapofika kwenye tuta boti inaruka peke yake na tela linabaki, au tela linapanda kabla ya boti. Hapo lile egemeo linakuwa nyenzo ya kuusukuma mguu juu kwa nguvu ya tela zima, na ubao wa tezi unaumia kuliko kama lisingekuwepo. Kwa hiyo egemeo lina masharti: boti na tela viwe kitu kimoja.

Sharti hilo linatimizwa kwa mikanda miwili kwenye pembe mbili za tezi, kulia na kushoto, ikivuta chini na kidogo mbele kwenye fremu ya tela. Mbele, kwenye omo, kuna kebo au mkanda wa winchi, na juu yake ongeza mnyororo. Wengi wanafunga omo vizuri sana na kusahau tezi, kisha wanashangaa boti inacheza nyuma. Fungeni tezi kwanza, ndipo mhangaike na egemeo.

Kabla ya kulipa, pigapiga ubao

Vijana wale boti yao imetumika, na bado hawajalipa yote. Basi kuna kazi ya kufanya Tanga kabla hawajatoa hela ya mwisho. Boti nyingi za faiba ubao wake wa tezi ndani yake ni mbao au plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote. Maji yakipita kwenye tundu la bolti lisilozibwa vizuri, mbao inaoza ndani huku nje inang'aa. Injini inakaa tu pale mpaka siku ya safari.

Chukua mpini wa nyundo, gonga ubao wote polepole ukisikiliza. Mlio mkavu na mkali ni mzuri, mlio mzito wa kama kugonga papai lililoiva ni mbao iliyooza. Angalia pembe ambapo tezi inakutana na mbavu za boti, kama kuna nyufa za nywele. Fungua bolti moja ya chini uone kama maji ya kahawia yanatoka. Kipimo cha mwisho: injini ikiwa imenyanyuliwa, mmoja ashike mguu karibu na propela, aukandamize chini kidogo na kuuachia mara kadhaa, mwingine atazame ubao. Ubao ukionekana kupumua, yaani unaingia na kutoka, hiyo boti haivutwi na injini juu yake hata kwa egemeo la dhahabu. Msisimame chini ya mguu wakati wa kufanya hivyo, na mtoto asiwe karibu.

Kama ubao umeoza haina maana muache kununua. Ina maana bei ishuke kwa gharama ya kuujenga upya, injini ivuliwe, na boti isafiri tupu.

Siku ya safari

Funga valvu ya mafuta, chomoa mpira wa mafuta kwenye injini, kaza kile kitundu cha hewa cha kwenye mfuniko wa tangi. Petroli inayovuja juu ya tela huku mtu wa nyuma anavuta sigara sihitaji kuieleza. Tangi lenyewe bora lisafiri likiwa tupu. Kaza skrubu za kibano kwa mkono mpaka mwisho, na funga mnyororo mdogo kutoka kwenye injini mpaka kwenye jicho la chuma la boti, hata ikitoka isianguke barabarani. Propela ivikeni gunia na kuifunga kitambaa chekundu. Injini inachomoza nyuma ya taa za tela, na dereva wa basi usiku anaona taa, haoni propela. Kwa hiyo nyongeza: sogezeni ubao wa taa nyuma, na safirini mchana.

Simameni baada ya kilomita 10 za mwanzo. Mikanda yote hulegea mwanzoni. Kaza, kisha ukague tena Segera, Mombo, na Same. Gusa kitovu cha magurudumu ya tela kwa mgongo wa mkono: kikiwa cha moto usichoweza kuvumilia, bearingi haina grisi, na tela la kukodi kwa kawaida halina. Kwenye makazi sheria ni kilomita 50 kwa saa, lakini kwenye matuta mwendo ni wa kutembea. Dereva asiwe yule anayejisifu kufika.

Na wasio na boti je?

Najua wengi wenu hamna boti, mna pampu, pawatila na trekta la kukodi. Jambo ni lilelile. Jembe la trekta likiwa limenyanyuliwa nyuma linaning'inia kwenye mikono ya haidroliki, na dereva anakimbia nalo barabarani likiyumba kulia na kushoto. Kaza minyororo ya pembeni ya ile mikono jembe lisiyumbe, fupisha fimbo ya juu kidogo jembe liinue mkia, na weka kizuizi cha kufungia haidroliki kama trekta inacho. Ukisimama, hata kwa dakika tano za soda, shusha jembe chini.

Kwa pampu za umwagiliaji za petroli, zile za inchi mbili na tatu mnazozibeba kwenye bodaboda kwenda bondeni: zinalazwa ubavu, mafuta ya injini yanaingia kwenye silinda, mnafika shambani mnavuta kamba imegoma kama imechomelewa. Mnavuta kwa hasira, kamba inakatika, halafu mnaniambia pampu ni feki. Ibebe wima ndani ya kreti iliyofungwa kwenye kereya. Kama imeshalala, fungua plagi, vuta kamba taratibu mara kadhaa mafuta yatoke kwenye tundu, futa plagi, rudisha, angalia kiwango cha mafuta, ndipo uwashe. Itatoa moshi mweupe dakika chache kisha itatulia.

Vijana wa boti wanaondoka Jumamosi. Wameamua kuvua injini, na stendi fundi anaichonga leo kwa mbao za mkaratusi. Egemeo wameagiza hata hivyo, kwa ajili ya safari fupi za kutoka mwaloni kwenda kwa fundi, na nimewaomba waniletee vipimo likishakamilika ili atakayelihitaji asianze upya.